Anza na Risasi, Bunduki Itafuata

Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, kati ya silaha za msafara wake kulikuwa na bunduki moja ya tembo iliyotumia risasi za duara, nane kwa ratili. Ratili ya Kiingereza ni gramu 454, kwa hiyo kila risasi ilikuwa na uzito wa gramu 57. Novemba ya mwaka huohuo alimpata, nao wawili wakapanda mtumbwi Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, wakafuata ufuko wa Urundi kwenda kaskazini, wakapita chini ya milima hii ya Muhuta, Burundi ya leo. Jiwe la Mugere, njiani kuelekea Bujumbura, linawakumbuka mpaka leo. Miaka thelathini na kitu baadaye, Mskoti aitwaye W.D.M. Bell alikuwa anaangusha tembo Karamoja kwa risasi ya gramu 11.

Kutoka 57 hadi 11, na tembo ni yuleyule. Kilichobadilika ni baruti. Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyo na moshi mwaka 1884, na ndani ya miaka kumi majeshi ya Ulaya yalikuwa na bunduki za mtutu mwembamba zinazorusha risasi ndefu, nyembamba na ya kasi. Mjerumani Mauser ndiye aliyeipa bunduki hiyo umbo tunalolijua: mpini wa bolti unauinua, unauvuta nyuma, ganda tupu linaruka nje, unausukuma mbele, risasi mpya inaingia chemba. Modeli yake ya 1898 bado ndiyo mama wa bunduki nyingi za kuwinda unazoziona kwenye katalogi.

Kabla sijaendelea, niseme safu hii inamhusu nani. Mkazi wa Gitaza au wa Rumonge mjini hana sababu ya kuingia dukani kuchagua raifoli. Baada ya vita vilivyoanza 1993, serikali ya Burundi ilikusanya silaha zilizokuwa mikononi mwa raia, na sheria ya tarehe 28 Agosti 2009 ikaweka utaratibu wa silaha ndogo na nyepesi ambao si wa kuchezea. Misitu iliyobaki kwenye ukanda wetu, yaani Kigwena, Rumonge na Vyanda yenye sokwe mtu, ni hifadhi. Anayeingia humo na gobore ni jangili, na sina ushauri wa kumpa isipokuwa atoke.

Lakini maswali yanakuja, tena mengi, kutoka kwa ndugu zetu walio mbali. Mwaka 2007 Marekani ilianza kuwapokea wakimbizi wa Burundi wa 1972 waliokuwa Tanzania, baada ya zaidi ya miaka thelathini uhamishoni, na watoto wao sasa ni watu wazima wanaoishi kwenye majimbo ambako kumwinda kulungu kila mwaka ni jambo la kawaida kama kwetu kwenda ziwani kutafuta mukeke. Wengine wamebaki ng'ambo ya mpaka, upande wa Kigoma. Aliyeishi kambi za Kibondo analijua jina la Moyowosi, pori la akiba ambalo wageni hulipa fedha nyingi kuwinda nyati na nzohe. Huko kuna kazi halali ya kuongoza wawindaji, na mwongozaji hubeba bunduki. Hao ndio ninaowaandikia, na wote huuliza swali lilelile: bunduki gani nyepesi ninunue?

Swali limeanzia mkiani. Anayeuliza bunduki kwanza atachagua kwa macho, kisha atachagua risasi kwa kiburi, na matokeo yake ni bunduki ya kilo mbili na nusu yenye risasi ya kuangushia nyati, ambayo mwenyewe anaiogopa. Risasi ndiyo inayoamua uzito ambao bega lako litavumilia. Kwa hiyo turudi kwa Bell, kwa sababu yeye alifuata utaratibu huo mpaka mwisho, na kwa sababu jina lake hutajwa kila siku na watu ambao hawajafuatilia alichokifanya hasa.

Bell alizaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1880. Aliwinda pembe Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda ya leo, kisha akahamia Lado, kile kipande cha ardhi kando ya Nile ambacho Mfalme Leopold wa Ubelgiji alikishikilia kwa masharti kwamba akifa kirudi kwa Waingereza. Leopold alikufa Desemba 1909, na katika kipindi hicho cha mwisho wawindaji wa pembe walikuwa wakivuna Lado bila aibu. Hesabu ya maisha yote ya Bell ni tembo 1,011. Sitaipamba, ni mauaji ya biashara, na Afrika Mashariki bado inalipa deni la watu wa aina yake. Lakini katika hao, zaidi ya 800 waliangushwa kwa aina moja ya risasi, ya milimita 7, ile ya 7x57 iliyobuniwa na Mauser na kuchukuliwa na jeshi la Hispania mwaka 1893, ambayo kampuni ya Rigby ya London iliiuza kwa jina la .275.

Kwa nini risasi ya askari iliweza kazi hiyo? Sababu ya kwanza ni umbo. Ile ya gramu 11.2 aliyoitumia ilikuwa ndefu sana ukilinganisha na unene wake, ncha yake ya mviringo, imefunikwa chuma kote bila sehemu laini mbele. Risasi ya namna hiyo, ikienda kwa mita 700 hivi kwa sekunde, haipasuki na haipindi. Inachimba moja kwa moja. Risasi ya leo ya kipenyo hichohicho, nyepesi zaidi, yenye ncha laini na kasi kubwa, ingetawanyika kwenye mfupa wa fuvu na kumwacha tembo akiwa na hasira tu. Anayesema "Bell aliua tembo kwa milimita 7, basi nami naweza" anazungumzia namba iliyoandikwa kwenye boksi, na amesahau kilichomo ndani ya boksi.

Sababu ya pili ni kisu, au tuseme msumeno. Bell alipasua vichwa vya tembo aliowaua mpaka akajua ubongo umekaa wapi ukiutazama kutoka mbele, kutoka ubavuni, na hata kwa mshazari kutoka nyuma, pembe ya kupigia ambayo mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Alipiga mahali, hakupiga mnyama.

Ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi: miguu. Bell alikadiria kwamba kwa kila tembo dume aliyemwangusha alikuwa ametembea wastani wa maili 73, yaani kilomita 117. Viatu alivimaliza jozi 24 kwa mwaka. Wenzake walibeba bunduki za mitutu miwili zenye kilo tano, au kwa usahihi zaidi hawakuzibeba. Walibebewa na vijana, na mnyama alipotokea ghafla walinyoosha mkono nyuma kuitafuta bunduki. Bell alibeba ya kwake. Wepesi kwake ulikuwa na maana moja tu: bunduki iwe mkononi mwa anayepiga kila dakika, na mkono uwe bado una nguvu ya kuishika bila kutetemeka.

Mtu wa Muhuta anaelewa jambo hili bila mhadhara. Ziwa liko mita 774 juu ya usawa wa bahari, na kutoka barabara ya lami ya Bujumbura kwenda Rumonge mlima unaanza palepale, unapanda mteremko wa Mumirwa mpaka kwenye kilele cha zaidi ya mita 2,000. Mama anayepandisha mihogo kichwani kutoka Gitaza anajua kilo moja ya ziada ina bei gani inapofika nusu ya mteremko. Kwa ardhi ya namna hii, bunduki ya kilo tano ni ujinga.

Je, bunduki ya kilo mbili ni akili? Hapa ndipo wauzaji wanaponyamaza. Risasi inapotoka mbele, bunduki inarudi nyuma, na nguvu ya teke hilo inategemea vitu viwili: msukumo wa risasi pamoja na gesi ya baruti, na uzito wa bunduki yenyewe. Ukipunguza uzito, teke linapanda kwa uwiano uleule. Kutoka bunduki ya kilo 3.6 kushuka hadi ya kilo 2.5, kwa risasi ileile, teke linaongezeka kwa asilimia 44. Hakuna kitako cha mpira wala maneno ya katalogi yanayoifuta hesabu hiyo.

Tuichukue 7x57 yenye risasi ya gramu 9.1 inayotoka kwa mita 810 kwa sekunde. Katika bunduki ya kilo 3.6 bega linapokea jouli 18 hivi; katika ya kilo 2.5, karibu 26. Inauma kidogo, inavumilika. Sasa chukua .300 Winchester Magnum, risasi ya 1963 inayopendwa na vijana kwa sababu ya jina lake. Gramu 11.7 kwa mita 900, baruti zaidi ya gramu nne na nusu. Katika bunduki ya kilo 3.6 unapata jouli 40. Katika ile nyepesi ya kilo 2.5 unapata 58, karibu sawa na .375 Holland & Holland iliyokaa kwenye bunduki nzito ya kilo 4.2. Umenunua teke la bunduki ya nyati ili umpige kulungu wa kilo 70.

Kwa nini hili ni baya kuliko maumivu tu? Mwili una kumbukumbu yake. Baada ya risasi chache za namna hiyo jicho linaanza kufumba kabla ya mlipuko, bega linasogea mbele kulipokea teke, kidole kinakivuta kifyatulio kwa pupa. Mwenyewe hajui. Atalaumu darubini, atalaumu upepo, atanunua risasi kubwa zaidi. Mnyama anaondoka na jeraha la tumbo, anakwenda kufia vichakani siku mbili baadaye. Asilimia kubwa ya hadithi za "risasi hii haina nguvu" chanzo chake ni hiki, na risasi kubwa zaidi huongeza ugonjwa.

Upande huu wa ziwa tuna shahidi wetu, ingawa habari zake zimechanganyika na chumvi. Gustave, mamba aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, alizunguka kati ya mdomo wa mto Rusizi na fukwe za Rumonge kwa miaka mingi, na inasimuliwa kwamba mwilini alikuwa na makovu ya risasi. Miaka ya vita bunduki zilikuwa kila mahali kwenye ufuko huu. Simshangai aliyepona. Ubongo wa mamba ni mdogo mno, umekaa nyuma ya macho chini ya mfupa, na risasi inayoingia kwingine mara nyingi ni kovu la kusimulia tu. Hata bunduki ya tembo ya Stanley isingebadilisha hilo.

Basi risasi gani? Kwa mtu anayetaka kumwinda swala, kulungu au nguruwe pori wa kawaida, kwa umbali usiozidi mita 250, akiwa amebeba bunduki siku nzima, jibu langu limekaa kwenye kundi dogo: 7x57 yenyewe, mrithi wake 7mm-08 Remington ya mwaka 1980, au .308 Winchester ya 1952. Kati ya hizo, 7mm-08 ndiyo ninayoipenda zaidi. Inafanya kazi yote ya 7x57 kwenye ganda fupi zaidi, na ganda fupi linaruhusu bolti fupi na bunduki fupi. Hata hivyo, anayeishi Afrika namwelekeza kwenye .308, kwa sababu moja isiyo ya kitaalamu: inapatikana. Risasi nzuri isiyouzwa mahali ulipo ni chuma cha makumbusho. Bell mwenyewe aliiacha .318 ya Westley Richards kwa kuwa hakuziamini risasi zake, ingawa bunduki yenyewe ilikuwa safi. Na alibaki na 7x57 kwa kuwa zile za kiwanda cha DWM cha Ujerumani hazikumwangusha.

.243 nayo huuliziwa sana, hasa kwa kijana au mwanamke mwenye bega dogo. Ni risasi nzuri kwa mpigaji makini na mbaya kwa anayejifunza, kwa sababu gramu 6.5 hazisamehi mtu aliyekosea sentimita kumi. Watu hudhani ni kinyume chake.

Kwa Tanzania lakini, usichague kwa kumfuata Bell. Kanuni za huko zinataka kipenyo kisichopungua .375 ya inchi kwa wanyama hatari kama nyati, simba na tembo, na .240 kwa wale wa kawaida. Nimewasikia watu wakiibeza kanuni hiyo, wakitaja tembo 800 wa Bell. Mimi naiunga mkono. Bell alikuwa mtu mmoja mwenye macho adimu, aliyepasua mafuvu kwa msumeno na kupiga mpaka ndege warukao kwa raifoli. Sheria huandikwa kwa ajili ya mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana, ambaye nyati aliyejeruhiwa naye atamrukia mfuatiliaji wa nyayo, sio yeye mwenye kibali. Na .375 hiyo usiitafutie bunduki nyepesi. Kilo nne na kidogo ndiyo sehemu yake. Anayeongoza wageni Moyowosi atembee nayo hivyohivyo. Siku ya shida uzito huo utakuwa rafiki.

Sasa, na sasa tu, bunduki. Uzito unaweza kupunguzwa sehemu nne: mtutu, mwili wa chuma unaobeba bolti, kitako, na darubini. Watu hukata kwenye mtutu kwanza, na hapo ndipo pa kuwa mwangalifu. Mtutu mwembamba kama kalamu hupata joto upesi, na risasi ya tatu au ya nne huanza kutafuta njia yake. Hilo halinisumbui sana, kwa kuwa porini unahitaji risasi ya kwanza kutoka mtutu wa baridi, na ya pili ikibidi. Linalonisumbua ni urefu. Ukifupisha mtutu kutoka sentimita 56 hadi 46 unapoteza kasi kiasi, pengine mita 25 au 30 kwa sekunde, si msiba; lakini mlipuko unasogea karibu na uso wako, na uzito wa mbele unaotuliza mtutu unapotea. Baada ya kupanda mlima, moyo ukidunda, bunduki isiyo na uzito mbele inacheza pamoja na pumzi. Ya sentimita 51 hadi 56 inatosha.

Kitako cha plastiki ngumu au cha nyuzi za kaboni kinapunguza uzito na, kwa hali ya hewa ya kando ya ziwa, kina faida kubwa zaidi. Mti hunywa unyevu, huvimba, na kuusukuma mtutu pembeni. Bunduki iliyolengeshwa kiangazi inapiga pengine masika. Sipendi sura ya plastiki, nakubali, lakini unyevu hauna habari na nipendacho. Chuma kiwe kisichoshika kutu ukiweza kulipia.

Darubini ndiyo wizi wa kimyakimya. Mtu analipa fedha nyingi kupunguza gramu 300 kwenye bunduki, kisha anaweka juu yake darubini ya gramu 700 yenye kioo kama sahani, ya kumwonyesha mnyama aliye kilomita moja ambaye hana ruhusa ya kimaadili kumpiga. Darubini ndogo ya kukuza mara 2 hadi 7, gramu 300 hivi, inatosha kwa umbali niliotaja. Kumbuka pia kwamba uzito wa katalogi ni wa bunduki tupu. Iliyoandikwa kilo 2.3 ikivaa darubini, vishikizo vyake, mkanda na risasi nne itakaribia kilo 3, na hapo ndipo inapoanza kutulia mkononi. Lengo langu kwa risasi za kundi lile ni kilo 3.2 hadi 3.4 ikiwa kamili. Chini ya hapo unalipia sifa.

Kifyatulio hakizungumzwi, na ndicho kinachoharibu bunduki nyepesi nyingi. Chukua bunduki ya kilo 2.3 ambayo kifyatulio chake kinataka nguvu ya kilo 2: kidole chako kinavuta karibu uzito wa bunduki nzima, na kwa vyovyote itasogea. Mwambie fundi mwenye leseni akirekebishe hadi kilo moja na robo. Ni kazi ya bei ndogo kuliko mtutu wa kaboni na ina faida mara kumi.

Kuhusu bolti, mabishano ni ya zamani: ukucha mpana wa Mauser unaolishika ganda tangu linapotoka kwenye magazini, au kikucha kidogo cha bunduki za kisasa kama Tikka. Kwa wanyama hatari nachukua ukucha wa Mauser bila kufikiri. Kwa kulungu, nunua yenye bolti inayoteleza vizuri na usonge mbele.

Fedha, mwisho. Bunduki nyepesi kuliko zote ni ghali kuliko zote, na mnunuzi akishailipia hubakiwa na pesa ya boksi moja la risasi. Hatajifunza chochote kwa risasi ishirini. Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujaangalia bunduki yoyote, uliza bei ya risasi mia mbili za mazoezi pale unapoishi, toa hiyo kwenye bajeti yako, na kilichobaki ndicho cha kununulia bunduki. Kama kinatosha kwa ya bei ndogo yenye kilo 3.4, inunue hiyo. Ya kilo 2.3 waachie wenye fedha za zote mbili.